Makapi ya Matunda si Takataka

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga. Tumeyachapa ili na wasomaji wa vijiji vingine wayasome na kuyajadili.)

  

Leo sikuja kuwafundisha kusoma wala kuandika. Hayo mnayajua. Nimekuja na habari ya tumbo. Wazee hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wanaikumbuka na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili, kisha wakatenda. Vyoo vilichimbwa. Bustani za mboga zililimwa. Mazungumzo ya leo yanafuata njia ile ile. Tutasikiliza, tutajadili, halafu tutatenda.

Habari yenyewe ni hii. Kila siku tunatupa chakula kizuri kwa sababu tumekipa jina baya. Jina hilo ni makapi.

JINA LINALOTUDANGANYA

Makapi ni nini? Ni kile kinachobaki baada ya kizuri kutolewa. Ndivyo tunavyofikiri. Tunamenya chungwa, tunalikata kichwa, tunalifyonza maji, halafu tunatupa lile lililobaki. Tunakuna nazi, tunaikamua tui, machicha tunawamwagia kuku. Tunakata nanasi, ule moyo wa katikati tunautupa kwa sababu ni mgumu. Mama anatengeneza maji ya matunda, anayachuja kwa chujio mpaka yawe meupe, yanayobaki kwenye chujio yanakwenda jaani.

Sasa wataalamu wa lishe wana neno lao. Wanasema makapimlo. Makapimlo ni zile sehemu za mmea ambazo tumbo la mtu haliwezi kuzisaga. Ni nyuzinyuzi za tunda, ngozi ya maharage, pumba ya mahindi, na utando mweupe wa ndani ya chungwa. Ukila nyama, tumbo linaisaga. Ukila sukari, inayeyuka na kuingia katika damu. Lakini makapimlo hupita katika utumbo mwembamba bila kusagwa, yakafika katika utumbo mpana yakiwa bado makapimlo.

Zamani watu wengi, na madaktari wengi pia, walifikiri kazi yake inaishia hapo. Walisema ni takataka inayopita njia tu, inasaidia choo kiwe laini, basi. Siku hizi tunajua zaidi. Makapimlo yakifika katika utumbo mpana yanakuta wageni wanayasubiri kwa njaa.

TUMBO LA MBUZI NA TUMBO LA MTU

Hebu tumtazame mbuzi. Mbuzi anakula majani magumu ambayo mtu akiyala hayamsaidii. Anapataje nguvu kutoka katika majani yale? Si mbuzi peke yake anayeyasaga. Ndani ya tumbo lake la kwanza wanaishi vijidudu wengi mno, wadogo kiasi kwamba hawaonekani kwa macho. Vijidudu hao ndio wanaoyavunja majani. Mbuzi anakula kazi ya vijidudu.

Na mtu naye anao vijidudu wake. Wanaitwa bakteria. Wengi wao wanaishi katika utumbo mpana. Tukizihesabu chembe hai, yaani seli, zote za mwili wa mtu mmoja, bakteria hao hawapungui hesabu hiyo. Tusishtuke. Tumezoea kusikia kwamba vijidudu ni adui. Ni kweli wapo maadui, kama wale wa kipindupindu na wa kuhara damu. Hao tunawazuia kwa choo, kwa sabuni na kwa maji yaliyochemshwa. Lakini wapo vijidudu wengine ambao ni wapangaji wema. Wanakaa kwetu, na kodi wanalipa.

Kodi yao ni nini? Wanapokula makapimlo, wanayachachusha, kama vile togwa inavyochacha. Katika kuchacha huko wanatoa asidi za namna mbalimbali. Mojawapo ni ile ile inayofanya siki iwe kali. Nyingine inaitwa butireti. Hii butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Maana yake, ukuta wa utumbo wako unalishwa na vijidudu, na vijidudu wanalishwa na makapi. Ukitupa makapi, umewanyima vijidudu. Ukiwanyima vijidudu, umeunyima ukuta.

Ukuta huo umepakwa ute, mfano wa ute wa bamia. Ute huo ndio ua unaowazuia bakteria wasiufikie mwili wenyewe. Sasa je, mbuzi uliyemfungia zizini bila majani atafanya nini? Atakula ua. Wataalamu waliwalisha panya chakula kisicho na makapimlo, wakaona jambo kama hilo. Bakteria walikosa chakula, wakaanza kuula ute wenyewe. Ute ukawa mwembamba, na panya hao wakawa wepesi kushikwa na ugonjwa wa tumbo.

MOTO WA MWILI

Hapa ndugu zangu tufike taratibu, maana ndipo penye maana ya mazungumzo ya leo.

Mwiba ukikuchoma mguuni, mahali pale panakuwaje? Panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, panauma. Hiyo ni kazi ya askari wa mwili. Damu imewaleta pale kupigana na uchafu ulioingia. Uvimbe huo ni mzuri. Mwiba ukitoka na kidonda kikipona, askari wanarudi kambini, na uvimbe unakwisha. Leo tutauita moto wa mwili.

Lakini moto mwingine hauzimiki. Ni mdogo, hauonekani kwa nje, hauumi kama mwiba. Unafuka ndani kwa ndani, miezi na miaka, kama moto wa kinyesi cha ng'ombe. Askari wako macho usiku na mchana, na askari asiyelala huanza kuharibu mali ya raia. Moto wa namna hii unakwenda pamoja na kisukari cha ukubwani, maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu. Na moto unaokaa muda mrefu katika utumbo mpana wenyewe huongeza hatari ya saratani ya utumbo huo.

Makapimlo yanaingiaje hapa? Yanaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ua. Ukuta uliolishwa vizuri unakuwa imara, na bakteria wanabaki upande wao. Askari hawana sababu ya kuamka. Njia ya pili ni zile asidi zenyewe. Butireti na wenzake huzungumza na askari wa mwili na kuwatuliza. Kwa hiyo vijidudu wetu, tukiwalisha, wanatusaidia kuuzima moto usio na kazi.

TUMEJUAJE HAYA?

Mtu anaweza kuuliza: Haya ni maneno ya vitabuni tu, au yameonekana kwa watu? Swali zuri. Yameonekana kwa watu, na sehemu kubwa ya habari hii ilianzia huku kwetu Afrika Mashariki.

Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alikwenda kufanya kazi Uganda mwaka 1946. Daktari mwenzake, Hugh Trowell, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa miaka mingi. Waliona jambo la ajabu. Magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaza hospitali za Ulaya yalikuwa haba sana kwa wanavijiji wa huku. Walitazama chakula. Mwanakijiji alikula maharage, ndizi, mboga na nafaka isiyokobolewa. Mzungu alikula mkate mweupe na sukari. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya jambo hilo. Dunia nzima ikaanza kuuliza habari za makapi. Tazameni basi: chakula walichokifanya somo ni kile cha babu na bibi zetu.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mwingine. Walichukuliwa Wamarekani Weusi 20 wa mji wa Pittsburgh, na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini. Kwa wiki 2 wakabadilishana vyakula. Wamarekani wakala chakula cha kijijini chenye makapimlo mengi na mafuta kidogo. Wanavijiji wakala chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi, makapimlo machache. Wiki 2 tu! Lakini utumbo wa Wamarekani ulionyesha moto umepungua, na butireti ikaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa wanavijiji wa Afrika Kusini mambo yalikwenda kinyume. Butireti ilipungua na moto ukapanda.

Na mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya hapa hapa nchini, jirani zetu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Wataalamu wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walishirikiana na vijana wanaume 77 wenye afya njema. Vijana 23 waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kisasa kwa wiki 2. Wengine 22 waliozoea chakula cha kisasa walipewa chakula cha asili. Wengine walikunywa mbege kwa wiki 1, ile pombe ya ndizi na ulezi. Vijana wachache waliendelea na chakula chao cha siku zote ili wawe kipimo. Waliohamia chakula cha kisasa, damu yao ilionyesha dalili za moto, na askari wao wa mwili wakawa wazito kupigana na vijidudu vya maradhi. Waliohamia chakula cha asili, moto ulipungua. Wa mbege vile vile. Baada ya wiki 4, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo.

Nawaona wazee wanacheka waliposikia mbege. Ndugu zangu, tusiseme afisa ametupa ruhusa ya kulewa. Mbege ina kileo, na kileo kina madhara yake. Togwa haina ubaya huo. Na tukumbuke kuwa uchunguzi wa Kilimanjaro ulitazama chakula kizima, haukupima makapimlo peke yake. Lakini picha inaonekana. Chakula cha asili kinatuliza moto. Chakula kilichokobolewa, kilichokaangwa na kutiwa sukari kinauchochea.

TUNDA MOJA MOJA

Sasa tuje kwenye matunda yetu.

Chungwa. Wilaya yetu inajulikana kwa machungwa nchi nzima. Lakini chungwa tunalifyonza, hatulili. Ile ngozi nyeupe ya ndani na vile vitando vya kati vina kitu kiitwacho pektini. Pektini ni makapimlo laini ambayo bakteria wa tumbo wanayapenda sana. Ndiyo pia inayofanya jemu igande. Viwanda vya nje vinayanunua maganda ya machungwa ili kutoa pektini na kuiuza. Machungwa yakikamuliwa kiwandani, karibu nusu ya uzito wake inabaki kama makapi. Basi tufanye hivi: tumenye ganda la juu jembamba kwa kisu, kama tulivyozoea, tuache ile nyeupe. Kisha tulitenge chungwa vipande, tutafune kila kipande na utando wake, tumeze. Mbegu tuziteme. Makapi tusiyateme.

Maji ya matunda. Kama ni lazima kuyatengeneza, tusiyachuje mpaka yawe meupe. Tuyaache mazito. Glasi ya maji ya machungwa yaliyochujwa ina makapimlo chini ya gramu 1. Chungwa zima lililoliwa lina kama gramu 3. Na ukilitafuna unashiba kwa moja au mawili, lakini glasi moja inameza machungwa matatu na sukari yake yote.

Nanasi. Ule moyo wa katikati si mti. Ni chakula. Ukateni vipande vidogo vidogo, mtafune. Maganda yake wengine huyaosha na kuyachemsha na tangawizi wakapata kinywaji. Si vibaya, lakini tujue kwamba makapimlo yanabaki katika ganda lile lile unalotupa. Hayaingii katika maji. Baada ya kuchemsha, maganda yapelekeni shimo la mboji.

Nazi. Hapa nasema na mama zangu hasa. Machicha yana makapimlo mengi. Si laini kama pektini, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kukipa choo wingi na kukilainisha. Yatumike siku ile ile, maana yanaharibika upesi. Au yaanikwe juani juu ya chombo safi mpaka yakauke kabisa, kisha yatwangwe yawe unga. Sehemu ndogo ya unga huo changanya na unga wa ngano wa chapati au maandazi. Anza na kijiko, usianze na kikombe.

Pera. Mpera uko karibu kila ua. Pera moja zuri lina kama gramu 5 za makapimlo, likiliwa na ganda lake. Watoto wanalijua. Sisi wakubwa tumeliacha kwa sababu halinunuliwi dukani.

Ndizi. Ndizi mbichi ina wanga mgumu ambao tumbo haliusagi wote. Unafika katika utumbo mpana, na bakteria wanaula kama makapimlo. Ndizi ya kuchemsha iliyopoa ina wanga huo kuliko ile ya moto. Maganda ya ndizi mpeni mbuzi. Kilicholiwa na mbuzi wako hakikupotea.

Ubuyu. Unga wake mweupe una makapimlo mengi kuliko karibu matunda yote. Lakini ule ubuyu wa rangi uliozungushiwa sukari ni peremende. Nunueni ule mweupe usiotiwa kitu, mkoroge katika uji.

SI KILA GANDA NI CHAKULA

Ndugu zangu, nisije nikaondoka hapa mtu akala kila ganda. Yapo ya kujihadhari.

Ganda la muhogo lina sumu. Hata muhogo wenyewe mchungu una sumu, ndiyo maana tunauloweka na kuuanika. Ganda lake lisiliwe na mtu.

Ganda la embe lina makapimlo, na wapo wanaolila. Lakini mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja, na utomvu wao unafanana. Mtu ambaye korosho mbichi humwasha, ganda la embe laweza kumwasha midomo. Huyo alimenye.

Tunda lililopigiwa dawa ya wadudu lioshwe kwa maji mengi safi, na likiwezekana limenywe. Mkulima anajua alipiga dawa lini. Asivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni chupa.

Mtoto mchanga asiyefikisha miezi 6 ni wa maziwa ya mama peke yake. Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo. Ukilijaza makapi, atashiba bila kupata nguvu. Huyo apewe tunda lililopondwa, pamoja na uji wenye mafuta, karanga au maziwa.

Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo, au aliyeambiwa ana ugonjwa wa utumbo, amwulize kwanza daktari. Na yeyote anayeona damu katika choo, anayekonda bila sababu, au anayeumwa tumbo siku nyingi, aende zahanati. Asikae nyumbani akila machungwa. Makapimlo si dawa ya kutibu. Ni chakula cha kila siku.

MASWALI TUNAYOYASIKIA

Watu husema: Kokwa za pera zinaziba kidole tumbo. Je, ni kweli? Ni nadra sana kokwa kukutwa ndani ya kidole tumbo. Wala-mapera ni wengi mno, na wanaishi salama. Asiyezipenda kokwa aziteme, lakini asiliache pera.

Wengine husema: Nikila maharage na matunda mengi tumbo linaunguruma na kujaa upepo. Ni kweli. Bakteria wakila, hutoa hewa. Dawa yake ni kwenda polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki hii ongeza tunda moja, wiki ijayo jingine. Na unywe maji ya kutosha, kwani makapimlo bila maji yanaweza kufunga choo badala ya kukilainisha.

Wengine huuliza: Hayo makapi ya matunda yamepimwa kwa watu, au kwa panya? Ukweli ni kwamba maganda na makapi yenyewe yamechunguzwa zaidi maabara na kwa panya. Uchunguzi kwa watu bado ni mchache. Lakini habari ya makapimlo kwa jumla, kutoka katika matunda mazima, mboga, maharage na nafaka isiyokobolewa, ina ushahidi mwingi kwa watu. Ndiyo maana sisemi mle unga wa maganda. Nasema mle tunda zima.

TUFANYE HESABU

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima ale makapimlo yasiyopungua gramu 25 kwa siku, na matunda na mboga zisizopungua gramu 400. Gramu 25 ni nyingi au ni kidogo? Tuhesabu pamoja. Aliye na daftari aandike.

Kikombe kimoja cha maharage ya kuchemsha: kama gramu 12.
Machungwa mawili yaliyoliwa na makapi yake: gramu 6.
Pera moja: gramu 5.
Jumla: gramu 23.

Bado ugali wa dona na mchicha. Ukivila hivyo, umezipita gramu 25. Hukuingia dukani. Hukununua chupa wala kopo.

Sasa mtu mwingine asubuhi anakunywa chai ya sukari na maandazi mawili ya unga mweupe. Mchana anakula chipsi na soda. Jioni sembe na nyama. Huyo hafiki hata nusu ya njia. Na ametoa pesa nyingi kuliko wewe.

Wenzetu Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi na kula mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama, wamekadiriwa kupata makapimlo kiasi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku. Wataalamu waliochunguza utumbo wao wamekuta bakteria wa aina nyingi kuliko walizozikuta kwa watu wa Italia. Sisemi twende tukaishi porini. Nasema mwili wa mtu unajua kuyapokea makapi.

USIACHE MBACHAO

Ndugu zangu, nitawaambia kinachonisumbua katika kazi yangu ya kuzunguka vijijini. Gunia la machungwa linapanda lori, na kreti ya soda inateremka kutoka lori lile lile. Tunauza chungwa na kununua maji ya sukari yaliyotiwa rangi ya chungwa. Mgeni akija tunaona haya kumpa pera. Tunatuma mtoto dukani akalete soda na biskuti. Dona tunaiita chakula cha shida. Sembe nyeupe ndiyo heshima.

Heshima hiyo ina bei. Zamani kisukari kilionekana ni ugonjwa wa watu wa mjini. Leo kinatufuata shambani. Mwenye kisukari anahitaji dawa mwaka hadi mwaka, na nauli ya kwenda kuzifuata. Shamba linauzwa, mtoto anakosa ada. Sisemi chungwa moja litazuia yote hayo. Maradhi yana sababu nyingi. Lakini chakula ni sababu iliyo mikononi mwetu, nayo tunaiuza kwa bei ya gunia.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Soda ni msala upitao. Mchungwa ulio uani ni mbachao.

Kuuza ni lazima, najua. Pesa zinatakiwa. Ombi langu ni moja tu: kabla gunia halijafungwa, toa ya nyumbani. Kila mtu mawili kwa siku. Yale yenye makovu, ambayo mnunuzi anayakataa, ndani yake ni yale yale.

Napendekeza kila kikundi cha kisomo kifanye jaribio la mwezi mmoja. Andikeni katika daftari: leo nyumbani tumekula tunda gani, tumetupa nini, tumenunua nini dukani. Mwisho wa mwezi someni daftari zenu pamoja. Kusoma na kuandika kumekuja kwenu kwa ajili ya kazi za namna hii. Matokeo yenu yaleteni kwa mwalimu wa kisomo, nasi tutayapeleka kwa vijiji vingine.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako mnatupa makapi ya matunda gani? Lipi kati ya hayo lingeliwa?
2. Bakteria wa utumbo wakikosa makapimlo, wanakula nini? Eleza kwa mfano wa mbuzi na ua.
3. Moto wa mwili wa mwiba na moto usiozimika vinatofautiana nini?
4. Ni maganda gani yasiyofaa kuliwa, na kwa nini?
5. Kijiji chetu kinauza machungwa na kununua soda. Tufanye nini, nani aanze, na tuanze lini?